Majina Yaliyokuja Katikati

Mume wangu Khalidi hajawahi kufika India, na Kihindi chake chote ukikikusanya hakijazi kikombe cha kahawa. Alikiokota Kariakoo, alipobeba mizigo miaka miwili kwenye duka la vitambaa, akarudi Ruaruke na maneno saba na mto wa sufi. Kwa maneno saba hayo ametufasiria picha za Kihindi miaka ishirini na ushei, na hajatokea mtu akasema hakuelewa.

Mie naitwa Kulwa, na nalisema hili mapema ili mtu asije kunipotoshea habari: mume wangu si mwongo. Ni mwadhini wa msikiti wetu. Anapalilia mikorosho yake, hana ugomvi na mtu, na kijijini wakitaka shahidi wa ndoa au wa mpaka wa shamba wanakuja kubisha hodi kwetu. Khalidi akisema ndiyo, ni ndiyo, mambo yameisha. Kwa hiyo hili la picha lilipozuka lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu mwingine.

Banda letu la video lipo uani, makuti juu na magunia pembeni kuzuia jua. Wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi. Vijana wanaliita kibanda umiza. Mie siumizwi na kitu, nina kiti changu. Khalidi husimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, anaeleza. Mtu kwenye picha akikunja uso na kupayuka, Khalidi anasema, "Anasema shamba silitoi, hata mniue." Huenda masikini alikuwa anaomba maji ya kunywa. Nani ajuaye? Tuliliamini shamba, na tukamchukia anayelitaka.

Zamani banda lilijaa kila Ijumaa. Siku hizi kila mtu ana picha zake kwenye simu, anaangalia peke yake kama anakula kwa kujificha. Tumebaki na siku moja tu ya mwaka, Idi Pili, baada ya sala ya Adhuhuri, na picha moja tu, ile ya dada wawili. Hiyo watu wanaifuata hata kutoka Mtawanya. Wanaijua yote kwa moyo na bado wanakuja.

Picha hiyo aliileta Seleman, binamu yake Khalidi, ambaye ni baharia. Aliinunua Dubai. Ilikuwa kwenye boksi zuri lenye maandishi ya Kiarabu, na ndani mna diski mbili, moja imekaa kushoto, moja kuume. Khalidi kasoma chuoni kwa maalimu tangu hajaota jino la pili. Kitu cha Kiarabu kinaanzia wapi? Kuume. Akaitoa ya kuume, akapiga bismillahi, akaitia kwenye deki. Kesho yake akachukua kalamu ya wino akaandika moja kwenye hiyo, na mbili kwenye nyingine. Boksi lenyewe lilikuja kuliwa na mchwa.

Sasa niwaambie mwaka ule ulikuwaje. Jina langu linajieleza: Kulwa hazaliwi bila Doto. Pacha wangu Doto alifariki masika ile, homa ya siku nne tu, akaacha mtoto wa miezi kumi, Warda. Nikamchukua mtoto. Nikampa uji, nikamwogesha, nikamlaza, lakini nilikuwa kama mtu anayefanya kazi za nyumba ya jirani. Sikulia mbele za watu na sikucheka. Miezi mitano. Khalidi alikuwa anarudi shamba anakaa kizingitini ananitazama, na mie nachukia kutazamwa.

Idi ilipofika nikatolewa kwa nguvu na Bi Fatu, jirani yetu, mama wa makamo asiyekubali hapana. Nikaenda kukaa bandani. Picha ikaanza. Mto umefurika, kijiji kinakimbia, dada mdogo anachukuliwa na maji. Wanamtafuta, wanampata, wanamlilia. Dada mkubwa anabaki ukingoni mwa mto peke yake, diski ikaisha. Nilikwisha kushika kanga yangu niondoke, nikimlaani Seleman na Dubai yake.

Khalidi akatia diski ya pili. Yakapita majina ya waigizaji, mengi, na muziki. Halafu, wale dada wawili wakatokea mtoni wanafua nguo. Wote wawili. Yule mdogo anamrushia mwenziwe maji, anacheka.

Khalidi naye akaikodolea macho televisheni, na mie namjua mume wangu. Hajui kilichotokea. Watu wakamgeukia wakisubiri. Akalamba midomo yake, akasogeza kipaza sauti, akasema, "Dada karudi."

Kisha akaeleza. Eti yule aliyezikwa hakuwa yeye, maji yalikuwa yamemharibu mtu mwingine uso. Eti yeye aliokotwa chini huko na wavuvi wa kaa, wakamuuguza, akarudi kwao. Mwenyezi Mungu humpa ampendaye. Na picha ikaenda hivyo mpaka mwisho, harusi ya dada mkubwa, na yule mdogo anacheza katikati ya uwanja kwa viatu vyenye njuga.

Nilipiga kigelegele. Sijui kilitokea wapi. Nilikisikia masikioni mwangu kama kimepigwa na mtu wa nyuma. Bi Fatu akapokea, na wanawake wote wakapokea, na usiku huo nilikula wali sahani mbili.

Tangu hapo ikawa mila. Kila Idi Pili picha ikifika harusini, wanawake wanapiga vigelegele na kurusha asumini kwenye televisheni, halafu natoa mkate wa kumimina tunakula. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hatulii: Mahamudu wa Umwe, mtani wake Khalidi. Kila mwaka majina yakianza kupita, anapaza sauti kule nyuma, "Mtani, hivi ni picha gani hii, majina yanakuja katikati?"

Na Khalidi kila mwaka anamjibu, "Kwani wewe ukialikwa harusini, pilau unaletewa unapovua viatu?"

Watu wanacheka, tunaendelea. Mahamudu anacheka pia, lakini mwaka unaofuata anauliza tena.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya Idi, deki ikafa. Khalidi akaifungua, akaipuliza, akaifunga, wapi. Fundi wa Kibiti akasema vipuri vyake havitengenezwi tena. Nikamwambia mume wangu kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, tumpigie Warda.

Warda sasa ni mtu mzima, kasomea kompyuta Dar es Salaam na huko huko anafanya kazi. Ofisini kwao walikuwa wanabadilisha mashine, akapewa moja ya zamani, akaja nayo kwenye basi kaipakata kama mtoto. Alikuwa ameifuta kila kitu na kuitia mfumo mwingine, unaitwa Linux. Ilipowaka ikatokea picha ya ndege mnene, mweusi mgongoni na mweupe tumboni.

"Huyu bata wa nini?" nikauliza.

"Si bata, Mama, ni pengwini. Ndiyo alama yao. Ule mfumo wa kwanza ulikuwa mzito kwa mashine kuukuu, na virusi kila leo. Huu mwepesi, na ni wa bure."

Khalidi akampa diski aliyoiandika moja. Warda akaitia, mashine ikaunguruma, ikatafuta, halafu ikaandika kwamba haiwezi. Akatoa, akaifuta kwa kanga, akarudisha. Haiwezi.

Nikasema nilijua, cha bure ni cha bure. Warda akatueleza kwamba diski za dukani zinatiwa kufuli ili watu wasizinakili. Deki inatoka kiwandani na ufunguo tumboni. Mfumo huu hauji nao, lazima mtu aulete mwenyewe kwenye mtandao. Na mtandao kwetu, mtu akitaka unaoeleweka, aende chini ya mkorosho wa uani, hatua ishirini kutoka bandani. Basi tukabeba meza, kompyuta, kioo chake na waya mrefu wa umeme, tukahamia mkoroshoni. Kuku wakaja kutazama.

Warda akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akawa anaandika mistari kwa mkono, hakuna picha, hakuna cha kubonyeza. Khalidi akainama begani kwake. "Hii kompyuta au talasimu?"

"Naiagiza tu, Baba."

Kila akitaka kutia kitu kipya mashine inamwuliza nywila, ingawa ni mali yake mwenyewe. Hilo Khalidi lilimpendeza. Alisema ina adabu, haimwingizi mtu bila hodi. Tukakaa hapo karibu saa nzima, mtandao unakuja unaondoka, mie nakuna nazi, hadi Warda akasema tayari. Akaitia diski tena. Safari hii ikazunguka kwa utulivu, na pembeni mwa kioo kikatokea kialama cha diski na jina lake kwa Kiingereza.

Warda akalisoma, akamgeukia baba yake. "Umenipa ya pili. Nipe ya kwanza."

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Sijaandika moja hapo?"

"Umeandika moja. Yenyewe inajitaja ya pili."

Nikasema mashine imekosea, kitu kilichokaa ofisini kwa watu kitajuaje mambo ya Ruaruke. Warda akatia ile nyingine, na hiyo ikajitaja ya kwanza. Akaifungua, na kitu cha mwanzo kabisa kilichotokea kilikuwa majina ya waigizaji na ule muziki. Halafu wale dada wawili mtoni, wanafua.

Mie nilisimama na mbuzi yangu ya nazi, nikahisi kama mtu kanivua kilemba. Miaka yote ile. Hakuna mvuvi wa kaa, hakuna aliyerudi. Wamefua nguo, dada mkubwa kaolewa, kisha yakaja maji, dada mdogo akafa, basi.

Nikamtazama Khalidi. Mwanamume anayebishana hata na jogoo, siku hiyo hakubisha. Alikaa juu ya kinu akaanza kuchuna ganda la mkorosho.

Warda ana huruma. Akasema, "Baba, nani atajua? Jina hili litatokea kwenye televisheni kwa muda mfupi tu picha ikianza, na naweza kulizima lisionekane kabisa. Tutaonyesha kama siku zote."

"Lizime," nikasema mie.

"Usilizime," akasema Khalidi. "Nitawaambia."

Hapo tuligombana. Nilimwuliza nani kamtuma. Nilimwambia watu wanatoka Mtawanya kuja kufurahi, hawaji kusikia toba. Nikamkumbusha kwamba wanamwita kwenye ndoa na mipaka, na kesho mtu atasema, huyu si ndiye aliyetudanganya miaka na miaka? Na Mahamudu je? Mahamudu atamtania mpaka kwa wajukuu. Khalidi akasikiliza mpaka nilipochoka, akasema, "Njia ya mwongo fupi, Mama Warda. Yangu imekuwa ndefu mno." Nikaona maneno gani hayo kwa mtu aliyekosea diski tu. Siku tatu nilipika nikaweka chakula mezani bila kumwita.

Ukweli wenyewe, na nausema sasa, mie sikuwa namlilia Khalidi. Nilikuwa nalilia picha yangu. Kila mwaka kuna saa moja ambayo dada anarudi, na mashine ya bata ilikuwa imekuja kuninyang'anya.

Idi Pili banda likajaa hadi nje ya magunia. Warda kaunganisha kompyuta na televisheni kubwa, kipaza sauti kipo, asumini ipo kwenye sinia. Khalidi akasimama na kanzu yake ya Idi, akatoa salamu, watu wakaitikia. Mkono usioshika kipaza sauti akauficha mfukoni.

"Nimewakosea," akasema. "Picha hii tumeiona kinyume. Boksi lilikuwa la Kiarabu nikaanzia kuume. Kumbe picha ya Kihindi, na diski ya kwanza ilikaa kushoto. Nyinyi mmeona mwisho kabla ya mwanzo. Yule dada hakurudi. Alikufa kwenye maji. Wavuvi wa kaa ni wangu, nimewatunga mwenyewe."

Mara kule nyuma Mahamudu akasimama juu ya benchi. "Niliuliza! Miaka yote nauliza, majina mbona katikati, naambiwa pilau!"

Banda likaanguka kicheko. Hata Khalidi akacheka, na nikadhani yameisha, mambo ni hayo, watu wamesamehe. Lakini yeye akainua mkono.

"Sijamaliza. Siku ya kwanza nilikosea. Idi iliyofuata nilikwisha kujua. Nilikuwa nimeiangalia peke yangu katikati ya mwaka nikaona majina yanavyokaa. Ningeweza kuzigeuza. Sikuzigeuza, kwa sababu mtu mmoja humu ndani alikuwa amepiga kigelegele."

Hakunitazama. Hakuwa na haja, maana banda zima lilinitazama kwa niaba yake. Hakuna asiyejua Doto alikufa mwaka gani. Nilitamani kumpiga na sinia la asumini, aniweke hadharani namna ile bila kunipa hata fununu. Na nilitamani kumshika mkono, ule ulioko mfukoni. Sikufanya kimoja wala kingine. Nikajifanya natengeneza mtandio, macho yanamwagika.

Bi Fatu akasema, "Haya, tuonyeshe basi inavyokwenda. Tumekuja kuangalia picha au kumwangalia Kulwa?"

Tukaiona inavyokwenda. Harusi ikaja katikati ya picha, watu wakawa hawajui wapige vigelegele au wasubiri, asumini ikabaki kwenye sinia. Tukatoka kuswali Alasiri, tukarudi. Diski ya pili. Maji yakaja. Khalidi akawa anaeleza kwa maneno machache kuliko siku zote, na hakumtia mtu shamba mdomoni. Dada mdogo akazikwa, dada mkubwa akabaki ukingoni, muziki ukapanda, kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyeinuka. Mkate wa kumimina niliukata, hakuna aliyenyoosha mkono. Watu wamekaa na nguo zao mpya kama wamekuja matangani.

"Sasa tunaondokaje hivi?" Bi Fatu akauliza.

Aliyejibu ni Mahamudu, yeye aliyekuwa sahihi miaka yote ile. "Mtani," akasema, bila utani wowote, "turudishie ile ya harusi. Umetuambia ukweli, tumeusikia. Lakini sisi njia yetu ya kwenda nyumbani ni ile ile."

Khalidi akasema Magharibi imekaribia, diski nzima haitatosha. Warda akamwambia si lazima nzima. Deki yetu rimoti yake ilipotea zamani, ilikuwa lazima uanze mwanzo mpaka mwisho. Kompyuta ina orodha ya vipande vya picha, unachagua unachotaka. Akabadilisha diski, jina likatokea kwenye televisheni kwa herufi kubwa, diski ya kwanza, wala hakulizima. Akachagua harusi.

Dada mdogo akatoka katikati ya uwanja na njuga zake miguuni. Watu wote wakamgeukia Khalidi, na mie nikamgeukia. Kwa miaka yote ile dada huyu akitokea alikuwa anasema karudi. Niliona anavyolitafuta neno. Akanitazama safari hii, usoni kabisa, akasogeza kipaza sauti.

"Hapa," akasema, "bado yu hai."

Nikapiga kigelegele. Kilitoka kibovu, kimekatika katikati, lakini kilitoka, na Bi Fatu akakipokea, asumini ikaruka, Mahamudu akawa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye mkate.

Warda alikuwa amekaa karibu na kompyuta yake, macho kwenye televisheni. Akainama kwangu. Hajawahi kuniuliza swali hili, na mie sijawahi kumpa nafasi ya kuliuliza.

"Mama Doto naye alikuwa anacheza hivyo?"

Ilikuwa siku ya kusema kweli, nikamwambia kweli. "Hakujua kucheza hata kidogo, mwanangu. Alikuwa anakanyaga watu. Njoo ukae hapa nikuhadithie."